Barua ya Rukia na Wenyeviti Wawili wa Kuze

Mliniomba, nyinyi mliobaki ofisini, niwaachie mwongozo wa kupatanisha watu wa michezo. Nimekaa nyumbani wiki tatu nikijaribu. Kila nikimaliza kifungu nakumbuka kisa kinachokipinga, nakifuta. Sasa nimeamua kuandika visa vyenyewe. Mtakaosoma hadi mwisho mtajua ninachokijua mimi. Mtakaochoka njiani mtakuwa angalau mmeshaonja kazi yetu, ambayo sehemu yake kubwa ni kusikiliza hadithi ndefu bila kutazama saa.

Nilianza katika chama chetu cha vilabu vya kisiwani Mombasa nikiwa mpiga taipu. Nilikuwa nimeshuka kutoka Taita na cheti cha taipu, na ujuzi wangu wa michezo ulikuwa netiboli ya shule ya msingi. Chumba chetu kilikuwa Tononoka, ghorofani, dirisha likitazama uwanja. Siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa kiti changu, aliingia mtu mzima amebeba wavu wa goli begani, akautua wote juu ya taipureta.

"Sabalkheri," akasema. "Hili ndilo goli tulilofungwa jana. Nimelileta mlikague."

Bwana Kitsao, aliyekuwa mkuu wa dawati la malalamiko, aliinuka taratibu. Alikuwa refa mpaka magoti yalipomkataa, na kila alichokifanya alikifanya kama mtu anayejua kwamba amezungukwa. Akaukunjua wavu ule meza nzima, akatafuta, akakuta tundu, akapitisha mkono hadi kwenye kiwiko.

"Ni kweli, pana tundu," akasema. "Umekunywa chai?"

Yule bwana hakuwa amekunywa. Nikatumwa chai na mahamri, na huo ndio ukawa mwanzo wa utumishi wangu. Alipomaliza kikombe cha pili, Bwana Kitsao akamwuliza kwa upole, "Mpira ulipita kwenye tundu hili?"

"Kwa pembeni, wallahi! Refa akapiga kipenga ati goli."

"Na wavu ni wa nani?"

Bwana yule alitazama wavu, akatazama kikombe. "Wetu," akasema. Tukasaidiana kuukunja, watu watatu, kila mtu ameshika ncha yake, na akaondoka nao.

Alipokwisha kutoka nikacheka. Bwana Kitsao hakucheka. Aliniambia, "Mtu aliyebeba wavu kutoka uwanjani hadi ghorofani hajaja kutafuta pointi. Amekuja aonekane ameubeba. Sisi kazi yetu ni kumwona, kisha kumpa chai, kisha kumwuliza swali moja." Nimeifanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kuongeza hatua ya nne.

Alinifundisha pia kuandika. Mlalamikaji akisema, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe wala usiyapunguze, kisha msomee kwa sauti ya kawaida. Mtajionea wenyewe. Mtu akisikia "wale ni wezi tangu babu zao" ikisomwa na mpiga taipu kama bei ya sukari, husema, "Hapo kwa babu zao pafute." Malalamiko ya kurasa nne nimeyaona yakishuka hadi mistari sita kwa njia hiyo tu, na mistari sita inaweza kujibiwa.

Mezani kwake palikuwa na kalamu mbili. Moja iliandika. Nyingine ilikuwa imekwisha wino kabla mimi sijazaliwa, nafikiri, na ndiyo aliyowapa watu waliokuja kujiuzulu kwa hasira. Mtu anakwaruza, hakitoki kitu, anatikisa, anapuliza, anajaribu kwenye kiganja. Bwana Kitsao anasema, "Pole, ndugu, ngoja nikatafute nyingine," anaingia chumba cha ndani, anakaa. Akirudi, nusu yao walikuwa wameshaondoka. Nusu nyingine alikuwa akiwapa kalamu inayoandika, kwa sababu hao walikuwa wakijiuzulu kweli.

Si kila ugomvi una siri ndani yake. Kuna timu ya wapakuzi wa samaki kutoka Liwatoni iliyokuwa ikigombana na kila mtu, msimu baada ya msimu. Walichelewa, walisusa, walimtukana refa. Tuliwaandikia barua kali, na mimi mwenyewe nilizipiga taipu kwa raha. Siku moja nikashuka kwenda huko kupeleka barua ya tano, nikawakuta kazini saa nane mchana, mashua zimeingia, masanduku yamejaa, jasho linawatiririka, na mechi yao tulikuwa tumeiweka saa tisa. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanatoka kazini saa ngapi. Tukawahamishia mechi zao asubuhi ya Jumapili, na timu ile ikawa ya kwanza kwa nidhamu. Nahodha wao aliniambia, "Bi Wakesho, sisi si wakorofi. Sisi huwa na njaa." Basi mkiletewa mtu mkorofi, tazameni kwanza ratiba.

Sasa niwaeleze kisa cha Shuwari ya Kuze, maana najua ndicho mnachokingojea, na najua mmekisikia kwa namna tatu tofauti, zote zikinipamba kuliko ninavyostahili.

Shuwari ni klabu kongwe ya mpira wa miguu ya mtaa wa Kuze. Jina lake lilichaguliwa na watu wenye matumaini. Wakati ninaoueleza, Bwana Kitsao alikuwa ameshastaafu na dawati lilikuwa langu, na Shuwari ilikuwa na wenyeviti wawili. Wa kwanza alikuwa Bwana Mahfudh, fundi wa saa, mtu mwembamba mwenye kanzu isiyojua mkunjo. Wa pili alikuwa Bwana Twaha, mwenye duka la vyuma na rangi, mnene, mcheshi, mwepesi wa kununa. Walikuwa mashemeji: Bwana Twaha alimwoa dadake Bwana Mahfudh. Kila Ijumaa baada ya swala walikula sinia moja la pilau, kisha wakaenda kila mmoja kwenye kamati yake kumjadili mwenzake.

Chanzo chake kilikuwa fremu. Katika chumba cha klabu, ghorofani, palikuwa na picha ya timu ya kwanza kabisa, imeanza kuliwa na unyevu. Bwana Mahfudh akajitolea kuitia fremu mpya. Fundi aliyemtafuta akaikata ili itoshee, na mtu aliyesimama mwisho kushoto akabaki kiwiko tu. Mtu huyo alikuwa babake Bwana Twaha.

"Mumemkata baba yangu!" Bwana Twaha alisema katika mkutano mkuu.

"Kwani nani alimwambia asimame pembeni?" akajibu Bwana Mahfudh.

Neno hilo la pili ndilo lililovunja klabu. Nusu ya wanachama waliinuka, wakaingia chumba cha jirani, wakamchagua Bwana Twaha. Nusu iliyobaki ikamchagua tena Bwana Mahfudh. Katika kutoka, Bwana Twaha alichukua cheti cha usajili na Bwana Mahfudh alichukua muhuri. Kukawa na makundi mawili ya WhatsApp, Shuwari Rasmi na Shuwari Asili, na wanachama wengi walikuwa katika yote mawili ili wasipitwe.

Mimi sikuugusa ugomvi huo. Haukuwa umemkosesha mtu usingizi isipokuwa wao wawili, na ninaamini ulikuwa ukiwapa raha. Ndivyo nilivyofikiri mpaka Jumatatu moja alipopanda ngazi zetu Rukia.

Rukia alikuwa nahodha wa timu ya voliboli ya wanawake ya Shuwari, ambayo aliianzisha yeye mwenyewe na majirani zake, wakifanya mazoezi katika uwanja wa shule hapa Tononoka. Kamati zote mbili zilikuwa zikiisahau, hadi ilipoleta kombe. Baada ya hapo kila kamati ilidai kombe ni lake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye maneno machache. Akaniwekea mezani barua ya shirika moja la bandarini. Walimtaka katika timu yao, na pamoja na nafasi hiyo walimpa kazi ya ukarani. Sharti lilikuwa moja tu: barua ya klabu yake kumwachilia, yenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri, ifike kwetu kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri, dirisha la uhamisho wa wachezaji litakapofungwa. Asipoileta, nafasi ilikuwa ya msichana mwingine.

"Na umewaendea?" nikamwuliza.

"Nimewaendea. Bwana Twaha ametia sahihi papo hapo, akanipa na soda. Akaniambia nipeleke nikapigiwe muhuri, ila nisiseme sahihi ni ya nani."

"Na Bwana Mahfudh?"

"Akavaa miwani yake ya kutengenezea saa. Akasema, 'Mwanangu, nikipiga muhuri juu ya hii, nimekiri kwamba Twaha ndiye mwenyekiti. Leta karatasi safi, nitie sahihi yangu na muhuri wangu.'" Kisha akaongeza, "Lakini sahihi yake nyinyi hamuikubali."

Ilikuwa kweli. Kadi ya sahihi iliyokuwa kwenye faili letu ilikuwa ya Bwana Twaha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cheti. Na bila muhuri karatasi haikuwa kitu. Tulikuwa tumeweka kanuni hiyo wenyewe, ili kuzuia udanganyifu, na ilikuwa ikifanya kazi vizuri mno.

Nikamwuliza nyumbani wakoje. Mamake alikuwa akikaanga bajia barazani, na macho yalikuwa yameanza kumwishia. "Wiki iliyopita ametia mkono ndani ya karai, akidhani ni sinia," Rukia akasema. "Nataka aache. Hawezi kuacha mimi nikiwa sina kazi." Hakulia. Angalilia ningalijua la kufanya, maana hapo kuna chai.

Nikaitisha mkutano wa Alhamisi, baada ya adhuhuri, katika chumba cha klabu huko Kuze. Nilijiandaa kama nilivyofundishwa. Ajenda ilikuwa na jambo moja tu, barua ya Rukia, maana anayefukua chanzo cha ugomvi siku ya kwanza huwapa watu kitu cha kugombania zaidi. Nilimwomba Bwana Mahfudh aufunike ukuta wenye picha, akaufunika kwa kalenda. Viti nikaviondoa vyote, tukatandika mikeka, kwa sababu penye viti pana kiti cha mbele. Nikanunua dele zima, birika la shaba lililojaa kahawa, na halua. Na nikamwomba Maalim Bwanaheri, mzee anayesomesha chuo cha Kurani hapo mtaani na anayeheshimiwa na pande zote, aje atufungulie kwa dua. Alikubali kwa sharti moja, kwamba swala ya alasiri isimkute hapo.

Walikuja watu kumi na kitu. Salamu peke yake zilichukua nusu saa, kwa kuwa kila upande uliwauliza wa upande wa pili habari za wazazi, watoto, wagonjwa na waliosafiri, wote kwa adabu kamili, kama watu wasioonana, ilhali wengine walikuwa wametoka nyumba moja. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Huo ndio wakati wa kuogopa.

Nikasoma ajenda. Rukia alikuwa ameketi karibu na mlango, barua mapajani.

"Mimi sina neno na mtoto huyu," akaanza Bwana Twaha. "Sahihi yangu nishaitia. Alonyima muhuri ni shemeji yangu."

"Sikunyima. Muhuri upo hapa," akasema Bwana Mahfudh, akagusa mfuko wa kanzu. "Nampigia sasa hivi. Ila juu ya sahihi ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupi?"

"Mimi siulizwi hilo. Uliza watu."

"Nawauliza! Jamani, nani mwenye cheti?"

"Cheti yuwakiweka dukani baina ya misumari," Bwana Mahfudh akawaambia watu, hakumwambia yeye. "Nimekiona. Kina rangi ya mafuta."

Watu wakacheka. Bwana Twaha akageuka rangi. "Afadhali misumari. Wewe saa za watu zimekaa kwako mpaka wenyewe wamekufa."

"Na wewe ulipochaguliwa, kulikuwa na watu wangapi? Kumi na mmoja! Na mmoja alikuwa amekuja kuuliza bei ya rangi!"

Nikajaribu kuwarudisha kwenye ajenda. Nikawasomea maneno yao wenyewe, kwa sauti yangu ya bei ya sukari. Haikufaa kitu. Wote wawili walitikisa kichwa kwa kuridhika, kila mmoja kwa maneno yake. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akasema kwamba labda tuzungumzie picha, nami nikamsogezea halua upesi.

Hapo ndipo Bwana Twaha alipopiga goti lake kwa kiganja. "Basi mpeni yeye uenyekiti! Ndiyo, Rukia! Ajitilie sahihi mwenyewe, ajipigie muhuri mwenyewe, tupumzike sote!"

"Mpeni!" akarukia Bwana Mahfudh. "Yeye angalau amewahi kuleta kombe humu ndani. Wewe umeleta nini? Makopo!"

"Nakubali! Haya! Nakubali mbele ya watu. Na wewe sema, kama u mwanamume."

"Nakubali mimi pia! Tuone ni nani atakayerudi nyuma!"

Wakawa wameinuka, pua kwa pua. Watu wameinuka. Rukia alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikafikiri ameaibishwa, na nilikuwa sahihi. Nikakumbuka agizo la Bwana Kitsao, kwamba sauti zikipanda hadi watu wakasimama, ufungwe mkutano mara moja, kwa heshima, kesho itakuwa siku nyingine. Sikuwa na kesho nyingi, lakini nilikuwa na hofu. Nikamgeukia Maalim Bwanaheri, ambaye alikuwa akitazama mlango tangu kahawa ilipokwisha.

"Maalim, tafadhali, tusomee Fatiha tufunge."

Maalim akanitazama. Akawatazama wale wawili. Akainua mikono, na watu wote wakaketi na kuinua mikono yao, akasoma. Walipoitikia amin na kupangusa nyuso, kulikuwa na kimya ambacho sikukielewa. Hakuna aliyemalizia tusi lake. Wakavaa viatu mmoja mmoja, wakaenda kuswali.

Nilibaki nakusanya vikombe, najiandalia maneno ya kumpa pole Rukia. Yeye akaja akakaa karibu nami juu ya mkeka, macho yamemtoka.

"Bi Wakesho, wajua ulilolifanya?"

"Nimevunja mkutano, mwanangu. Nisamehe."

"Hukuvunja. Umefunga." Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza nyinyi. Hapo kwao, watu wawili wakishasema nakubali mbele ya mashahidi, kisha Fatiha ikasomwa, jambo limekwisha. Ndivyo dadake alivyoposwa. Ndivyo babu zake walivyogawana nyumba. Mtu anaweza kujuta maisha yake yote, lakini hawezi kurudi nyuma. Mimi Mkristo kutoka Taita, niliyekaa Mombasa miaka yote hiyo, nilikuwa nimesikia Fatiha katika mikutano mingi nikaidhani ni namna ya adabu ya kuagana. Niliomba muhuri mkubwa kuliko wa Bwana Mahfudh, na nikaugonga juu ya maneno mawili ya mwisho yaliyosemwa chumbani.

"Hawatakubali," nikasema.

"Kila mmoja yuwangoja mwenziwe akatae," akasema Rukia. "Na hapana atakayekubali kuwa wa kwanza."

Hakuna aliyekuwa wa kwanza. Baada ya swala Bwana Mahfudh alirudi, akapanda ngazi, akatoa muhuri uliofungwa katika leso, akamkabidhi Rukia kwa mikono miwili. "Mwenyekiti," akasema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemeza mwarobaini. Punde akaja Bwana Twaha na cheti ndani ya mfuko wa plastiki. "Mwenyekiti," akasema, akimwangalia shemejiye. Bwana Mahfudh naye akamwangalia. Wote wawili walikuwa wamekuja kuhakikisha.

Msidhani shida ilikwisha. Ijumaa asubuhi nilifungua katiba ya Shuwari, nikakuta kifungu ambacho sikuwahi kukihitaji: mtu hawezi kutia sahihi barua inayomfaidi mwenyewe. Inapomfaidi mwenyekiti, husainiwa na makamu wake. Na makamu huteuliwa na mwenyekiti. Nikampigia simu Rukia, nikamweleza, na nilipokuwa nikieleza nikasikia mwenyewe jinsi mtego ulivyojifunga upya. Akimteua mmoja, mwingine atasema Fatiha haikusomwa kwa hilo. Ilikuwa saa tano. Dirisha lingefungwa saa kumi, na katikati kulikuwa na swala ya Ijumaa.

Rukia alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Katiba yasema makamu mmoja?"

Nikasoma tena. Iliandikwa "makamu", na haikusema wangapi.

Saa tisa na nusu walipanda ngazi zetu watatu, Rukia mbele. Wale wawili walikuwa wametoka kula pilau lao. Aliwateua wote wawili, kwa mwandiko wake, kwenye karatasi ya daftari la shule. Kisha akamwambia Bwana Twaha atie sahihi, na akampa Bwana Mahfudh muhuri aupige. Bwana Twaha akatia sahihi. Bwana Mahfudh akapuliza muhuri, akaugonga juu ya sahihi ya shemejiye, akautazama ulivyotoka, akasema, "Umekaa vizuri."

Nataka mlione jambo hili kwa makini. Ilikuwa sahihi ile ile na muhuri ule ule, karatasi ya aina ile ile, watu wale wale wawili ambao tangu Jumatatu walikuwa tayari kumnyima msichana kazi na mamake mapumziko. Hawakubadilika hata kidogo. Ila sasa hakuna aliyekuwa mwenyekiti kati yao, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimkiri mwenzake. Mimi ningaliweza kufikiri mwaka mzima nisiyaone hayo. Rukia aliyaona akiwa na mikono iliyojaa unga wa dengu wa bajia za mamake.

Nikaipokea barua saa kumi kasoro dakika ishirini, nikaiandikia risiti. Jumatatu iliyofuata alianza kazi, na karai la bajia likapelekwa kwa jirani.

Katika ripoti yangu niliandika kwamba mgogoro wa Shuwari ulitatuliwa kwa njia ya maridhiano na mbinu za kitaalamu. Ripoti hiyo ndiyo mliyoisoma mlipoajiriwa. Baadaye nilimwendea Maalim Bwanaheri nikamwuliza kama alijua anachokifunga siku ile.

"Mwanangu, wewe ndiwe uloomba," akasema. "Na alasiri ilikuwa yanijia."

Rukia alitaka kujiuzulu uenyekiti baada ya mwezi mmoja. Makamu wake walikataa kwa pamoja, maana angeondoka lingezuka swali la nani anafuata. Katiba ya chama chetu haikuwa na kanuni ya kumkataza mchezaji wa klabu moja kuwa mwenyekiti wa nyingine, kwa kuwa walioiandika walikuwa watu wenye akili na hawakuliwazia. Basi akaendelea, mchezaji bandarini, mwenyekiti Kuze. Timu mpya ya voliboli ya Shuwari ilipandishwa daraja. Na katika wiki yangu ya mwisho kazini ikakutana na timu ya bandarini, ikapigwa seti tatu kwa bila.

Siku mbili baadaye nikaletewa faili. Klabu ya Shuwari ilikuwa inamlalamikia mchezaji nambari tisa wa timu ya bandarini kwa kukanyaga mstari akianzisha mpira, na kwa kuicheka benchi ya Shuwari. Chini palikuwa na sahihi ya mwenyekiti, Rukia. Mchezaji nambari tisa alikuwa Rukia.

Nikampigia simu. "Kwa nini umetia sahihi?"

"Wamekubaliana, Bi Wakesho," akasema. "Wote wawili, bila hata kupiga kura. Ni mara ya kwanza. Ningewakatalia vipi?"

Kanuni ni kanuni. Nikaitisha kikao, nikaandika wito kwa mlalamikaji na wito kwa mlalamikiwa, nikaweka viti viwili na vikombe viwili. Alikuja saa saba kamili, katika mapumziko yake ya mchana, kitambulisho cha kazi shingoni. Akakaa kiti cha kwanza, akaeleza malalamiko ya klabu yake yote, bila kupunguza. Kisha akahamia kiti cha pili, akafikiri, akasema kwamba mstari hakuukanyaga, lakini kucheka alicheka, na yuko tayari kuomba radhi.

Nikamwuliza mlalamikaji kama ameridhika. Akatazama saa yake ya mkononi, ambayo Bwana Mahfudh ndiye aliyeitengeneza, akasema ameridhika, ila arudi kazini.

Nikaandika: pande zote mbili zilihudhuria, kwa wakati, zikasikilizwa, na zimepatana. Nilikuwa nimeipiga taipu fomu hiyo mamia ya mara, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuijaza bila kuongeza chochote pembeni.